Sanamu za udongo zinapasuka motoni: kabla hujakopa ununue tanuri la umeme, soma vigae

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Pangani, nafinyanga sanamu za vichwa vya watu, kimo cha futi moja hivi. Udongo nauchimba ukingoni mwa mto, nauchanganya na mchanga wa ufukweni ili usinate mikononi. Nimechoma mara tatu kwa kuni na makumbi ya nazi. Mara ya kwanza vichwa viwili vililipuka hata nusu saa haijatimia. Mara ya pili kimoja kilitoka na ufa mrefu kutoka shingoni hadi kisogoni. Mara ya tatu vyote vitatu vilitoka vizima, nikashangilia, lakini baada ya siku kumi vikaanza kubanduka usoni kama vina ndui. Na vyote vina mabaka meusi. Bibi yangu kule Handeni alichoma vyungu uwanjani kwa majani na kuni, muda mfupi tu, na sikumbuki kama nilimwona akipoteza hata kimoja. Watu wananiambia shida ni hewa iliyobaki ndani ya udongo, na kwamba dawa yake ni tanuri la umeme. Nikope ninunue? Tena nataka kuviwekea macho ya kioo cha chupa. Niyatie kabla ya kuchoma au baada?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usikope. Ulichonisimulia si tatizo moja lililokurudia mara tatu. Ni matatizo matatu yasiyohusiana, na tanuri la umeme lingeyazaa yote matatu vilevile, halafu likakuletea na bili. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na watu huitumia methali hiyo kumsikitikia fundi asiyefaidi kazi ya mikono yake. Mimi gae nalipenda kwa sababu nyingine. Chombo kilichotoka kizima hakisemi kitu, lakini kilichopasuka kinaeleza kilipasuka wakati gani na kwa nini, mradi vipande hujavitupa. Natumaini hujavitupa.

Anza na vile vichwa viwili vilivyolipuka. Okota vipande uviangalie. Nadhani utakuta vingi ni vidogo na bapa, vimebanduka kama magamba ya samaki, vinene katikati na vyembamba pembeni. Huo ni mlipuko wa mvuke, na hewa inasingiziwa bure. Fanya hesabu mwenyewe: hewa ikipashwa kutoka joto la kawaida hadi nyuzi joto 900 za Selsiasi inatanuka takriban mara nne tu, na udongo ambao haujaiva una vitundu vya kuipitisha. Maji ni habari nyingine kabisa. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 inadai nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Mvuke huo ukizaliwa ndani ya ukuta mnene wa udongo, haupati muda wa kujipenyeza nje, basi unajifungulia mlango wenyewe. Mimi mwenyewe nilifundishwa habari ya hewa na nikaifundisha kwa miaka, mpaka nilipochoma kwa makusudi bonge lililojaa mapovu lakini kavu kabisa. Likatoka salama.

Hukunitajia unene, lakini kichwa cha futi moja cha mtu anayeanza huwa ama kimejaa udongo tupu, ama kina ukuta wa sentimita nne au tano. Shuka mpaka sentimita moja, moja na nusu hivi, na unene uwe uleule kote, puani hadi kisogoni. Njia nyepesi ni hii: finyanga kichwa kikiwa kimejaa, kifunike kwa mfuko wa plastiki siku moja au mbili hadi udongo ushike, yaani kidole hakibonyei tena ila kisu bado kinakata. Kata utosi kwa waya kama unavyokata juu ya dafu. Komba ndani kwa kijiko. Kisha chora mikwaruzo kwenye kingo zote mbili, paka uji wa udongo uleule, rudisha kifuniko na ukikandamize vizuri. Shingo iache wazi kwa chini.

Wala usidhani ni ujanja wa shule za sanaa za leo. Sanamu za Nok za kaskazini ya kati ya Nigeria, ambazo za kale zina umri wa zaidi ya miaka 2,000, ziko wazi ndani, zimejengwa kwa udongo wa chengachenga, na nyingi zina mboni za macho zilizotobolewa. Mengine ya matundu yale ni urembo, sikatai, lakini mtu aliyewahi kuchoma akiyatazama anaona pia mahali pa mvuke kupumulia. Na wewe toboa mboni, pua na masikio.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi wa pwani. Udongo unakauka mpaka ulingane na hewa inayouzunguka, basi. Na hewa ya Pangani wakati wa masika unaijua. Chombo unachokiita kikavu bado kina maji. Kiweke shavuni: kikiwa baridi kuliko ubao ulio jirani yake, maji bado yanatoka. Mwenye mizani ya jikoni apime kila asubuhi na kuandika, na siku uzito unapoacha kushuka, hapo kimefika mwisho wa kukaushwa na hewa. Masikio na pua vifunge kitambaa kibichi kwa siku za mwanzo, maana vyembamba hukimbilia kukauka, vinasinyaa, na mashavu bado yamelala. Kichwa cha ukubwa wako kipe wiki tatu. Baada ya hapo kioteshe moto, usikichome: kiweke kandokando ya makaa usiku kucha, ukikigeuza, kisizidi joto ambalo mkono wako unaweza kulivumilia kwa kugusa haraka. Asubuhi, moto wenyewe ukianza, shika kipande cha kioo cha kujitazamia mbele ya tundu la juu la joko, yaani tanuri la kuni. Kikiingia ukungu, usiongeze kuni.

Nililipa ada ya somo hili. Mwaka mmoja nilipewa oda ya sanamu za mapambo kwa ajili ya ufunguzi wa jengo, ikanyesha wiki nzima, nikajiambia zitakaukia humohumo motoni. Majirani walidhani tunapasua fataki.

Ufa wa mara ya pili sasa. Hapa nahitaji macho yako. Weka ukucha kwenye kingo za ufa. Kama umepanuka shingoni na kuishia wembamba kama unywele kisogoni, na kingo zake zimelegea kidogo, huo haukuzaliwa motoni. Ulikuwepo tangu kwenye kukausha, mwembamba usioonekana, moto ukauvuta tu. Mara nyingi sababu ni kwamba shingo ilikaa juu ya ubao ikang'ang'ania, na udongo unaposinyaa, labda sentimita moja katika kila kumi na mbili kwa udongo wa mto, lazima uteleze. Tandika gazeti au nyunyiza mchanga chini yake.

Kama kingo ni kali, zinakata kidole, na ufa una unene mmoja mwanzo hadi mwisho, basi ulitokea wakati wa kupoa. Nadhani ndivyo. Ulifunua moto mapema kutazama, sivyo? Wote tunafanya. Mchanga mwingi una kwatsi, yale madini meupe magumu kama kioo, na kwatsi ina tabia moja ya ajabu: kwenye nyuzi 573 inabadili mpangilio wake wa ndani ghafla na kutanuka, na ikirudi chini ya nyuzi hizo inasinyaa ghafla vilevile. Chombo kizima kikipita hapo pamoja, polepole, hakuna neno. Ila ukifunua upande mmoja upepo wa bahari ukaupiga, upande huo unasinyaa na mwingine haujaarifiwa. Nyuzi 573 ni ule wekundu hafifu unaoonekana gizani tu, mchana huuoni, kwa hiyo watu hufikiri moto umekwisha kumbe chombo kiko palepale pabaya. Choma jioni, funua kesho yake mchana. Chombo kikiunguza kiganja, bado.

Nimefurahia zaidi ile ndui ya mara ya tatu, samahani kusema hivyo, kwa sababu inaonyesha kwamba moto wako ulikuwa mzuri. Chunguza kila shimo. Chini kabisa, katikati, utakuta kitone cheupe laini. Kikwangue kwa sindano, ni unga. Hiyo ni chokaa, na imetoka kwenye mchanga wako wa ufukweni.

Wewe ni mtu wa pwani, wazee wamekuonyesha jinsi chokaa ya kujengea inavyopatikana: mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, yanatoka meupe na mepesi, halafu yanamwagiwa maji au kuachwa yanyeshewe, yanachemka, yanavimba na kuwa unga. Majumba ya Pangani mjini, magofu ya Kilwa na Gedi, yote yameshikwa na chokaa ya namna hiyo. Mchanga wa ufukweni umejaa chembe za matumbawe na kombe zilizosagwa na mawimbi. Ulipochoma vichwa, kila chembe iligeuka donge la chokaa lililo kavu kabisa, limefungiwa ndani ya shavu la sanamu. Likakaa kimya. Kisha hewa yenye unyevu ikaanza kulifikia siku baada ya siku, likanywa, na chokaa ikinywa maji, ujazo wake unakaribia kuwa mara mbili. Hakuna udongo unaoweza kuizuia. Ndiyo maana ilichukua siku kumi. Kwa mtu wa Dodoma pengine ingechukua mwezi.

Mara ya kwanza na ya pili vichwa havikupata ndui kwa sababu havikufika joto lenyewe, au hukuvitunza muda wa kutosha ukaona. Chembe za kombe zinaanza kugeuka chokaa karibu na nyuzi 700 na kumaliza kabla ya 900.

Dawa? Acha mchanga wa ufukweni. Huo tu. Na udongo wenyewe upime: chukua kipande kikavu, kimwagie siki. Ukitoa povu na kuchemka, una kombe au matumbawe ndani, sogea juu zaidi mtoni, mbali na mahali maji ya chumvi yanapofika, uchimbe huko. Chumvi nayo ina maudhi yake, hutokea juu ya chombo kama ukoko mweupe. Usipopata udongo mwingine, uoshe: ukoroge kwenye pipa uwe uji mwepesi, subiri dakika chache vizito vizame, mimina ule wa juu kupitia pazia kuukuu la nailoni, uache utulie siku kadhaa, mwaga maji ya juu, anika tope juu ya shuka. Vile vichwa vitatu, kama unavipenda, vizamishe vyote ndani ya maji kwa saa kadhaa. Waliofyatua matofali yenye kasoro hii walikuwa wakiyatumbukiza majini yakitoka tu jokoni, chokaa inywe yote kwa mpigo na kulainika badala ya kuvimba kidogokidogo. Siku ya kumi tayari umechelewa, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa.

Badala ya mchanga, tumia chenga za vigae. Vyungu vya maua vilivyovunjika, vigae vya paa, tofali la kuchoma. Vitwange kinuni, chekecha upate chenga kama za sukari, changanya kipimo kimoja cha chenga kwa vipimo vitatu vya udongo. Kilichokwisha kuchomwa hakisinyai tena, kwa hiyo kinapunguza kusinyaa kwa udongo wote, na pembeni mwa kila chenga mvuke unapata kijia cha kutokea. Usitwange vigae vya vichwa vyako mwenyewe, vina mchanga uleule. Na nyunyiza maji unapotwanga, jifunge kitambaa puani. Vumbi lile likiingia mapafuni halitoki.

Sasa bibi yako. Nina hakika hakuwa na bahati wala dawa ya kienyeji. Kumbuka vizuri: kabla ya kuchoma, hakuvilaza vyungu mdomo chini juani, kisha akawasha majani ndani yake au kuvizungusha moto mdogo? Hiyo ndiyo kazi ya kuotesha niliyokueleza, kwa lugha ya uwanjani. Chungu chake kilikuwa chembamba, mviringo, hakina kona ambapo ufa ungeanzia. Udongo wake ulikuwa mkavu wa chengachenga. Moto wa wazi wa majani na kuni hufika kati ya nyuzi 600 na 900, tena kwa haraka, na chombo kinaiva bila kubana sana, kinabaki na vitundu. Vitundu hivyo ndivyo vinavyofanya chungu kivumilie mafiga kila siku na mtungi upoze maji. Mwambie mtu wa tanuri la umeme achome udongo uleule hadi nyuzi 1,200, kama haujayeyuka, kisha auinjike kwenye kuni. Utapasuka kwenye mchuzi wa kwanza. Wanawake wa Kikisi kule Ikombe, Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa soko la Lyulilo karibu na Matema na kusafiri mbali, hawasubiri umeme.

Mabaka meusi si kosa. Ni mahali moto ulipokosa hewa, moshi ukaingia kwenye vitundu. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, anajenga vyombo vyake kwa mkono bila gurudumu, anavipaka uji laini wa udongo na kuvisugua mpaka ving'ae. Kwenye moto wenye hewa vinatoka rangi ya chungwa iliyoiva, na akitaka vyeusi anavichoma tena kwenye moto ulionyimwa hewa. Udongo ni uleule. Wewe ukitaka vichwa vyekundu bila baka, kuni zisiguse sanamu.

Hapo ndipo joko linapohitajika, na joko unaweza kulijenga. Matofali ya kuchoma, yashikwe kwa udongo wa kichuguu, duara la mita moja upana na kimo cha kifua. Chini chumba cha kuni chenye mlango, juu yake sakafu ya matofali yenye matundu, sanamu zipangwe hapo, na juu pafunikwe kwa vigae vilivyovunjika huku ukiacha upenyo wa moshi. Usikimbize moto. Saa nne au tano za kwanza ni vijiti tu mlangoni. Ndani kukianza kuwa chekundu hafifu, tulia hapo kwa saa nzima, maana kati ya nyuzi 450 na 600 udongo unaachia maji mengine, yale yaliyo sehemu ya madini yenyewe, na baada ya hapo hauwezi tena kurudi tope. (Kijaribio: kipande kilichoiva nusu kikilala ndani ya maji usiku kucha kinalegea.) Halafu ongeza kuni hadi ndani kuwe na wekundu unaokaribia chungwa, shikilia nusu saa, ziba kote, nenda kalale.

Tanuri la umeme utalihitaji siku ukianza kazi ya kung'arisha vyombo kwa rangi za kioo, ambazo zinataka joto la kipimo. Siku hiyo niandikie tena. Ila hata leo nakuonya: asikudanganye mtu utumie risasi ya betri za magari kung'arishia chombo. Ni sumu, kwako na kwa atakayekula humo.

Macho ya kioo: baada ya kuchoma. Ukiyabandika kwenye udongo mbichi, udongo utasinyaa na kioo hakisinyai, kope zitapasuka kabla hata hujawasha kibiriti. Ukinusurika hapo, kioo cha chupa kinaanza kulegea kwenye nyuzi 700 na kitu, na joko lako litapita hapo. Macho yatatiririka mashavuni. Na hata yakibaki mahali pake, wakati wa kupoa kioo na udongo havisinyai kwa kiasi kimoja. Kioo pia kina masharti yake ya kupoa. Mafundi wanaopuliza kioo kutoka chupa kuukuu, kama wale wa karakana ya Shanga kule Arusha, hawakiachi kitu kipoe mezani. Kinaingizwa kwenye tanuri la pili lenye joto la nyuzi 500 hivi na kushushwa polepole, la sivyo nje kunaganda huku ndani kunavutana, na kinaweza kupasuka chenyewe rafuni baada ya siku.

Kwa hiyo finyanga tundu la jicho lenye ukubwa wa jicho lenyewe na kidogo zaidi, kwa kuwa tundu nalo litapungua. Choma. Kioo kikate, kingo zisugue juu ya jiwe la kunolea lililolowa maji mpaka zisikate kidole, kisha kibandike kwa gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Kioo cha chupa ya kijani kikiwa na karatasi nyeupe au kombe nyuma yake kinaonekana hai zaidi kuliko kilichowekwa juu ya udongo mtupu. Kombe unazo tele. Huko nyuma ya jicho hazina madhara.

Ufa wa kichwa cha pili upige picha kwa karibu, na ukucha wako ukiwa pembeni, unitumie.